MAMBO YA NYUMBANI: Mchezo wa Kumtafuta Mwuaji

Wengi huuliza: siku ya sikukuu, wageni wakiisha kula, tuwaburudishe kwa nini? Leo twapenda kuwaeleza habari ya mchezo mmoja, pamoja na jambo lililotupata katika kuucheza.

Asili yake ni Uingereza. Kabla ya Vita Kuu ya pili, wageni waliokusanyika katika nyumba kubwa za mashamba walikuwa wakicheza jioni: mmoja hujifanya amekufa, na wengine humtafuta aliyemwua. Katika michezo hiyo Bwana Anthony Pratt, mpiga piano wa Birmingham, alipata wazo la mchezo wa ubao, nao ulianza kuuzwa mwaka 1949 kwa jina la Cluedo. Lakini wengi hupenda kuucheza wao wenyewe, kwa mavazi.

Kanuni zake si ngumu. Mwenye nyumba hutunga kisa, kisha juma moja mbele humpelekea kila mgeni barua yenye jina lake la mchezoni, mavazi yake na siri yake. Mwuaji peke yake ana ruhusa ya kusema uongo. Baada ya chakula ushahidi hutolewa mara tatu, kidogo kidogo. Mwisho kila mtu huandika jina la yule amshukuye.

Basi, siku ya pili ya Krismasi iliyopita twalikaribisha watu wanane. Kisa chetu kilikuwa hiki: tajiri mnunuzi wa pamba amekutwa ghalani amekufa, na kikombe cha kahawa kando yake. Mwalimu mmoja alikuja na koti na tai, ndiye karani. Kijana wa jirani akawa dereva wa lori. Mke wa mwalimu akavaa koti jeupe la daktari. Nasi, kwa kutaka kuchekesha, twalimpa jirani yetu, bibi mjane, awe kikongwe mwenye macho mekundu auzaye dawa za miti. Akaja amejifunga kaniki, na mkongojo mkononi.

Ushahidi wa kwanza haujasomwa bado, watoto wakapiga kelele, "Ni bibi!" Watu wazima wakacheka, mmoja akanena, "Lisemwalo lipo." Ushahidi wa pili ulikuwa daftari la madeni lililochanwa ukurasa, wa tatu, ufunguo wa ghala katika mfuko wa karani. Walakini karatasi zilipofunguliwa, saba kati ya nane zilikuwa na jina la bibi. Ya nane ilikuwa yake mwenyewe, nayo ilisema, "Karani." Ndiye hasa.

Bibi hakucheka. Akasema kwa upole, "Wanangu, kwetu nilihama kwa maneno hayohayo."

Tukanyamaza sote. Maana hapa Tanzania, hasa Usukumani, wanawake wazee wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi, kumbe ni kazi ya moshi wa kuni na samadi kavu kwa miaka mingi jikoni. Nasi twaliyajua hayo tulipokuwa tukiandika ile barua.

Tukamwomba radhi mbele ya wageni na watoto. Akatusamehe, kisha akawaita watoto akawauliza, "Ufunguo ulikuwa kwa nani? Ukurasa ukipotea, ni nani apataye faida?" Wakajibu wenyewe.

Kwa hiyo, ninyi mtakaoucheza, twawasihi mambo matatu. Msimpe mgeni sehemu inayofanana na msiba wake. Mwulizeni kwanza kwa faragha. Tena, karatasi yenye jina bila sababu isihesabiwe. Na wakiwapo watoto wadogo, badala ya mauaji wekeni wizi wa kuku. Utafutaji wake ni uleule.

Sisi, Pasaka ijayo, tutacheza tena. Bibi amekubali kuja, naye ndiye atakayekuwa hakimu.