Likasi: Udongo mkavu uliua, masika je?

Masika yakifika Likasi, wachimbaji wa mkono wanaendelea kushuka ndani ya mashimo ya shaba na kobalti. Juu ya nini? Siku bila kuchimba ni siku bila chakula nyumbani.

Shinkolobwe iliporomoka Julai 2004, ingawa serikali iliifunga mwanzo wa mwaka huohuo: watu wanane walikufa. Juni 2019, karibu na Kolwezi, maporomoko yaliua zaidi ya watu 40. Miezi hiyo yote ni ya kiangazi. Masika ni hatari zaidi: maji yanaongeza uzito wa udongo na kuulegeza.

Katika nchi za baridi, wavuvi wanaokwenda maziwa ya milimani wanaogopa theluji inayoporomoka. Kwenye mteremko wa hatari anavuka mmoja, wenzake wanamwangalia. Shimoni inafaa vilevile: mmoja abaki juu, aangalie. Akiona ufa mpya, ao udongo unadondoka kidogo-kidogo, wote watoke.

Baada ya mvua kubwa, kungoja kunakula pato. Anayengoja peke yake anaogopa mwingine atachukua shimo lake. Kwa hiyo kundi lote lipatane mapema: hakuna anayeshuka.