Hivi Kijiji Hakipo Mpaka Watu Wafe?

Wadau, leo nina jambo linanikereketa rohoni. Naomba mnivumilie.

Juzi nilimpelekea mhariri mmoja wazo la makala kuhusu Bwisya. Akaniuliza, "Bwisya ndiyo wapi?" Nikamwambia ni kijiji kisiwani Ukara, wilaya ya Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Akafikiri kidogo. "Aaa, kule kivuko kilikozama! Kuna nini tena?" Nikamjibu safari hii hakuna kilichozama. Akasema basi hakuna habari.

Jamani!

Sikatai, Septemba 20, 2018 haisahauliki. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza mita chache tu kufika gati la Bwisya. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa ni 228, waliookolewa 41. Piga hesabu mwenyewe. Na hii ni nchi ambayo mwaka 1996 ilishawazika mamia ya watu wa MV Bukoba, ziwa hilo hilo.

Wakati huo nilikuwa chuoni. Nami nilisambaza picha za majeneza kwenye simu, nikaandika "poleni sana", nikaenda zangu kula. Kwa hiyo sijitoi kwenye lawama.

Kinachoniuma ni hiki. Watu wa Ukara walikuwa wakibanana na magunia kwenye kivuko hicho muda mrefu kabla ya siku ile. Hiyo ilikuwa habari. Ingeandikwa mapema, ikarudiwa, ikamkera mkubwa fulani, pengine makaburi yale ya Bwisya yasingechimbwa. Lakini nani angeichapa? Si "kule hakuna habari"?

Halafu angalia. Fedha zilizobaki za rambirambi zilielekezwa kwenye majengo ya kituo cha afya cha Bwisya. Ni jambo jema, sibezi. Ila nauliza: hivi mama mjamzito wa kisiwani apate wodi kwa sababu jirani zake wamekufa maji? Bajeti ilikuwa wapi?

Na sasa niwaambie habari ambayo mhariri wangu haitaki. Ukara ni kisiwa kidogo chenye watu wengi na ardhi finyu. Wakara walijifunza zamani sana kufuga ng'ombe zizini, kuwakatia majani, kukusanya samadi na kuirudisha shambani, kujenga kingo za mawe ili udongo usikimbilie ziwani, na kulima shamba lile lile mwaka hadi mwaka. Wataalamu wa Kizungu wamekiandikia kilimo hicho tangu enzi za ukoloni. Sisi wasomi wa Dar tunakutana hotelini, tunalipana posho, tunajadili "kilimo endelevu" kana kwamba kimegunduliwa jana.

Kijiji kinachotufundisha kulima hatukijui. Kijiji kinachozika tunakijua.

Msiniambie kwamba wasomaji wa mjini hawapendi habari za vijijini. Wengi wetu tumetoka huko huko, na nauli ya kwanza ya kuja mjini ililipwa kwa samaki au mihogo ya mzee fulani.

Ombi langu kwenu mnaoshika kalamu na kamera ni moja tu. Nendeni siku ambayo hakuna aliyekufa. Pandeni kivuko, hesabuni abiria, kisha mwandike.

Mimi nimeshaanza kutafuta nauli. Wewe je?