Paka Katika Lugha ya Kiingereza

Wahenga walisema kwamba paka wa nyumba haingwa. Mnyama huyu amekaa na binadamu kwa muda mrefu mno, hata jina lake limeingia katika mazungumzo ya mataifa mengi. Waingereza nao wamemfuga majumbani mwao na katika lugha yao pia. Na kwa kuwa barua nyingi za kazi na vitabu vya watoto wetu huandikwa kwa Kiingereza, yafaa juma hili tuyatazame baadhi ya maneno ya paka ambayo kamusi ndogo za shuleni huyaacha.

Tuanzie nyumbani. Kundi la paka huitwa "clowder", na watoto wa paka waliozaliwa pamoja huitwa "kindle". Paka jike huitwa "queen", yaani malkia. Paka mwenye milia huitwa "tabby", na neno hili limesafiri mbali. Asili yake ni neno la Kiarabu "attabi", jina la kitambaa cha hariri kilichofumwa katika mtaa mmoja wa mji wa Baghdad. Wafaransa walilichukua jina hilo, Waingereza wakalipokea kutoka kwao, kisha wakampa paka ambaye manyoya yake yanafanana na kitambaa hicho. Vivyo hivyo ngawa, ambaye Waingereza humhesabu kama paka ingawa si paka, huitwa "civet". Neno hilo latokana na Kiarabu "zabad", na sisi tunalo vilevile: ndiyo zabadi, manukato yatokayo kwa mnyama huyo. Mswahili na Mwingereza wamechota maji katika kisima kimoja.

Yuko mtu ambaye akimwona paka hutetemeka na kutoka jasho. Hofu hiyo huitwa "ailurophobia", neno lililoundwa kwa Kiyunani, ambamo "ailouros" ni paka. Neno "catgut" nalo huwapotosha wengi. Ni uzi uliotumika kwa miaka mingi kushonea vidonda, na pia nyuzi za fidla. Lakini haukutengenezwa kwa matumbo ya paka, bali kwa matumbo ya kondoo na mbuzi.

Sasa twende kambini. "Catnap" ni usingizi mfupi wa kuiba, ambao askari wa zamu aujua, na mkuu wake aujua zaidi. "Cat-o'-nine-tails", yaani paka mwenye mikia tisa, ulikuwa mjeledi wa kamba tisa zenye mafundo, uliotumika kuwachapa mabaharia na askari wa Uingereza hata migongo ikachanika. Mwaka 1881 Bunge la nchi hiyo liliondoa adhabu ya viboko kwa askari wa nchi kavu walio kazini. Ilidhihirika kwamba jeshi laweza kuwa na nidhamu bila mjeledi.

Askari polisi nao wana maneno yao. "Cat burglar" ni mwizi apandaye kuta kimya kimya na kuingia kwa dirisha la ghorofani. "Cat's-eye" ni kile kioo kidogo kinachopachikwa katikati ya barabara ili king'ae kinapomulikwa na taa za gari. Kilibuniwa na Percy Shaw wa Halifax, nchini Uingereza, aliyekipatia hati ya ubunifu mwaka 1934. Vioo hivyo huwekwa ndani ya mpira. Gurudumu likipita juu yake hudidimia na kujifuta vumbi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, taa zilipofifishwa kwa kuogopa ndege za adui, macho hayo ya paka yaliwafaa sana madereva.

Yamebaki maneno mawili ambayo msomaji asiyapite upesi. La kwanza ni "grimalkin". Maana yake ni paka jike mzee, na pia ajuza mkali. Shakespeare alilitumia mwanzoni mwa mchezo wake wa Macbeth kuwa jina la paka wa mchawi. Katika zama hizo jambo hilo halikuwa mzaha. Mwaka 1566, mjini Chelmsford, mwanamke mzee aliyeitwa Agnes Waterhouse alinyongwa kwa kosa la uchawi, na katika maelezo ya kesi yake alitajwa paka aliyeitwa Sathan. Wengi wengine waliuawa baada yake, huku na huko Ulaya, kwa minong'ono ya majirani. Je, vijijini mwetu hakuna bibi kizee anayenyooshewa kidole kwa sababu macho yake ni mekundu, au kwa sababu anaishi peke yake na paka wake? Askari aitwaye mahali kama hapo amlinde bibi huyo kwanza. Maneno ya umati si ushahidi.

Neno la pili ni "cat's-paw", yaani mguu wa paka. Latokana na hadithi ya zamani, ambayo Mfaransa La Fontaine aliiandika kwa mashairi mwaka 1679. Kima alitamani kokwa zilizokuwa zikiiva motoni, naye hakutaka kuungua. Akamsifu paka kwa ustadi wake hata paka akatia mkono motoni na kuzitoa moja moja. Paka akaungua, kima akashiba. Tangu hapo mtu anayetumiwa na mwingine kutenda jambo la hatari au la aibu huitwa hivyo.

Mwenye bunduki na sare hukutana na kima wa namna hii mara nyingi. Huja na sifa, na pengine na bahasha, akiomba jirani yake atishwe au mdeni wake atiwe ndani. Kesi ifikapo mahakamani, kima haonekani kizimbani. Yuko askari peke yake, na nyumbani mkewe na watoto wake wanauliza watakula nini. Ukisifiwa ghafla na mtu asiye mkuu wako, itazame kwanza mikono yako, kisha uutazame moto.