UREMBO WETU: Poda ya Waridi Mpauko



Mabinti wengi wametuuliza juu ya ile poda ya waridi mpauko, ya kumeremetesha mashavu, iuzwayo katika kikopo chenye kioo. Je, inatufaa sisi? Harusi za kiangazi hapa Uingereza hazikawii, na kila mmoja anataka kupendeza.

Kwanza tuijue. Mmeremeto wake hutoka kwenye mika, jiwe linalobanduka vigamba vyembamba mno. Vigamba hivyo hupakwa titani dioksaidi, ambayo ni nyeupe, na rangi ya waridi hutiwa kidogo tu. Mwanga ukivipiga, huurudisha kama kioo. Basi poda hii haigeuzi ngozi. Ukinawa uso, umerudi ulivyokuwa.

Tuliijaribu kwa wanawake wanne wa nyumba moja: mchana dirishani, usiku chini ya taa, na mbele ya kamera yenye flashi. Binti mweupe ilimkaa vizuri sana. Mdogo wake, maji ya kunde, ilimpendeza ilipopakwa kidogo. Ilipozidi ikawa kama unga. Mama yao mdogo ni mweusi: dirishani shavu lilionekana la kijivu kama majivu, na flashi ilipomulika likatoka jeupe kuliko uso wenyewe. Waridi iliyokolea, yenye chembe za dhahabu na shaba, ndiyo iliyomfaa. Bibi naye ilimwingia mikunjoni ikaionyesha yote. Alicheka akasema amekuwa sinia la fedha.

Basi msinunue kikopo kimoja kwa ajili ya wasindikizaji wote wa bibi harusi. Kila mtu aijaribu shavuni mwake, si mgongoni mwa mkono, kisha atoke nje ya duka ajitazame kwa mwanga wa jua. Na kabla ya siku yenyewe, apigwe picha moja ya flashi.

Namna ya kuipaka: baridi na hita za huku hukausha ngozi, na poda hushika penye magamba. Anza na krimu nyepesi, uiache ikauke. Chovya brashi, ikung'ute, kisha gusa juu ya mfupa wa shavu tu. Paji la uso liache.

Someni na maandishi ya nyuma. Namba CI 75470 ni rangi nyekundu itokanayo na wadudu. Anayejiepusha nayo atafute CI 77491, ambayo ni ya madini ya chuma. Kichupa kilichochorwa wazi chenye 12M maana yake ni kwamba poda itumike ndani ya miezi 12 tangu kufunguliwa.

Sasa neno zito. Wako wazazi wanaomwambia mpambaji, “Mtie poda nyingi, atoke mweupe.” Jamani, bibi harusi hutakiwa kung'ara, si kubadilishwa rangi. Picha ile itakaa ukutani miaka 40, na mjukuu atauliza huyu ni nani. Tena binti anayesikia hivyo siku ya furaha yake ataanza kutafuta krimu za kujichubua. Baadhi yake zina zebaki, inayodhuru figo, hata kama kopo halikuandikwa. Kwa sababu hiyo Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliingiza vipodozi hivyo miongoni mwa bidhaa za kupigwa marufuku. Msizipokee hata zikiletwa zawadi safarini.

Hukumu yetu: kwa weupe na maji ya kunde, poda hii ni nzuri, kwa kiasi. Kwa weusi, chukueni iliyokolea. Na dukani wakiwaambia hii mpauko inamfaa kila mtu, warudishieni kikopo chao. Bibi zetu wenye mikunjo, wanja na hina vinawatosha, na wanapendeza.

Mpaka kitabu cha mwakani, kwaherini.