Kiatu na pedali visipooana: somo kwa waendesha baiskeli wa Rusizi

Septemba 2025 Rwanda iliandaa Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 milima ya Kigali iliwatoa jasho magwiji wa mchezo huo. Mbio za wanaume zilikuwa na urefu wa kilomita 267.5, na Tadej Pogačar wa Slovenia akaibuka mshindi. Wageni wamekwisha kurejea makwao, na swali linalobaki katika wilaya zilizo mbali na mji mkuu ni hili: kijana wa Rusizi anayeupenda mchezo huu atawafikia vipi magwiji hao?

Majibu yanayotolewa mara nyingi ni makocha, ufadhili na baiskeli bora. Yote ni ya kweli. Lakini lipo jambo lisilotajwa sana kwa kuwa linafichwa na unyayo, nalo ni muungano wa kiatu na pedali. Vifaa hivyo viwili visipooana, baiskeli ya bei kubwa haimfikishi mpandaji popote.

Mlima upo, barabara ipo

Rusizi, ambayo wengi bado huijua kwa jina la Cyangugu, haina upungufu wa mahali pa mazoezi. Upande wa Bugarama, bonde la mto Ruzizi hushuka hadi takribani mita 950 juu ya usawa wa bahari, mahali pa chini kuliko pote nchini. Barabara itokayo Kamembe kuelekea Huye nayo hupanda katika msitu wa Nyungwe hadi kupita mita 2,400. Ni wilaya chache za Afrika Mashariki zinazompa mwendesha baiskeli tofauti kubwa namna hiyo ya mwinuko na joto ndani ya safari ya siku moja.

Waandaaji wa Tour du Rwanda wanalijua hilo. Mwaka 2020 na tena 2024 msafara ulitoka Huye ukavuka Nyungwe na kumalizia Rusizi, mwendo wa takribani kilomita 140. Mwaka 2023 wapandaji walianzia Rusizi wakafuata milima ya kando ya Ziwa Kivu hadi Rubavu, na mwaka 2025 walianzia tena Rusizi kwenda Huye. Wakazi wa Kamembe wamewaona kwa macho yao wapandaji wa Ulaya, Eritrea na Rwanda wakipita barabara ileile ambayo kila siku hupitwa na wabeba ndizi na magunia.

Tofauti ya baiskeli hizo mbili huonekana mara moja. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, zinakataza baiskeli ya mashindano kuwa na uzito chini ya kilo 6.8. Baiskeli ya mizigo huweza kuwa na uzito zaidi ya mara mbili ya huo kabla hata haijapakiwa kitu. Tofauti isiyoonekana upesi iko chini ya mguu. Mbeba mizigo hukanyaga pedali bapa kwa kandambili au kiatu chochote. Mwanamashindano hunasa kiatu chake kwenye pedali kwa kipande kidogo kilichofungwa kwa skrubu chini ya soli, ambacho hapa tutakiita kishikizo.

Ufundi uliotoka kwenye theluji

Pedali za namna hiyo hazikuanzia kwenye baiskeli. Kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyoanzishwa mjini Nevers mwaka 1951, ilijulikana kwanza kwa vifungo vinavyoshika buti kwenye mbao za kutelezea thelujini. Kazi ya kifungo hicho ni mbili zinazopingana: kushika mguu kwa uthabiti, na kuuachia mara mteremkaji anapoanguka ili mfupa usivunjike. Mwaka 1984 Look iliuhamishia ufundi huo kwenye pedali, na mwaka uliofuata Bernard Hinault alishinda Tour de France akitumia pedali hizo. Baada ya hapo kamba na ngozi za kufungia mguu zilianza kutoweka mashindanoni.

Katika miaka hiyohiyo ya 1980, Fritz Barthel wa Austria alibuni kifungo chepesi kwa wanaopanda milima ya theluji kwa miguu yao wenyewe kisha kuteremka. Badala ya chuma kizito, alitumia pini ndogo zinazoingia kwenye matundu ya buti. Kampuni ya Dynafit ndiyo iliyokuja kukieneza. Leo mbio za kupanda milima ya theluji zimeingizwa katika ratiba ya Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Milano Cortina, Februari 2026, na vifungo vya mashindano hayo huwa na uzito chini ya gramu 150 kila kimoja. Kifungo cha kawaida cha kuteremkia hukaribia kilo moja.

Wepesi huo una gharama. Vifungo vingi vya mashindano haviruhusu kurekebishwa nguvu inayohitajika kuachia mguu. Tena, baada ya haki za ubunifu wa awali kumalizika, watengenezaji wengi waliingia sokoni, na matundu ya buti hayakufanana tena kwa kipimo kamili. Buti na kifungo vinaweza kuonekana kama pacha dukani, kisha vikaachana mlimani au vikagoma kuachana mtu anapoanguka. Soko lilipofunguka, uchaguzi uliongezeka, na mkanganyiko ukaongezeka pamoja nao.

Matundu mawili, matatu au manne

Mkanganyiko huohuo ndio unaomkabili kijana anayepokea viatu vya mitumba au vya msaada. Soli ya kiatu cha mashindano ya barabarani kwa kawaida huwa na matundu matatu ya skrubu. Hapo hufungwa vishikizo vya Look Keo, vya Shimano SPD-SL au vya Time. Kiatu huvipokea vyote, lakini pedali hazivipokei vyote: kishikizo cha Shimano hakinasi ipasavyo kwenye pedali ya Look, wala cha Look hakinasi kwenye ya Shimano. Hata ndani ya kampuni moja hali ni hiyohiyo, kwani vishikizo vya Look vya zamani vya aina ya Delta haviingii kwenye pedali za Keo.

Mfumo wa Speedplay unatumia matundu manne. Mfumo wa SPD wa Shimano, ulioletwa mwaka 1990 kwa ajili ya baiskeli za milimani, unatumia matundu mawili, na kishikizo chake ni cha chuma kilichozama ndani ya soli, hivyo mtu huweza kutembea bila taabu. Vishikizo vya barabarani ni vya plastiki, vimejitokeza nje, na huliwa upesi na changarawe kila mpandaji anaposhuka kutembea.

Hata rangi zina maana. Kwa Look Keo, cheusi hakiruhusu kisigino kucheza, cha kijivu huruhusu nyuzi 4.5, na chekundu nyuzi 9. Kwa Shimano, ni chekundu ndicho kisichoruhusu mchezo, cha buluu huruhusu nyuzi 2, na cha njano nyuzi 6. Fundi anayedhani chekundu ni chekundu tu anaweza kumfunga kijana mguu usiopata nafasi ya kujipinda, na baada ya wiki kadhaa za kupanda Nyungwe goti likaanza kuuma.

Hapa ndipo suala linapogusa usawa. Kanuni za UCI zinataka vifaa vya mashindano viwe vile vinavyouzwa sokoni, ili timu tajiri zisitumie vya siri. Ila kuuzwa sokoni Ulaya si sawa na kupatikana Kamembe. Jozi moja ya vishikizo vya plastiki hugharimu takribani euro 20, zaidi ya faranga 25,000 za Rwanda, nayo ni kitu cha kubadilishwa mara kwa mara. Kwa anayeishi kwa kubeba mizigo, gharama hiyo ya kurudiarudia ni nzito kuliko zawadi ya viatu aliyopewa mara moja. Na kwa kijana wa miaka 14, mguu unakua wakati kiatu kimebaki kilekile.

Vituo vilivyojenga jina la mchezo huu nchini viko mbali: kituo cha mazoezi cha Musanze, klabu ya Benediction ya Rubavu, na Les Amis Sportifs ya Rwamagana. Rwanda imetoa wapandaji wenye sifa, miongoni mwao Adrien Niyonshuti aliyeshiriki Olimpiki ya London 2012, na Valens Ndayisenga aliyetwaa Tour du Rwanda mwaka 2014 na 2016. Kipaji si tatizo. Tatizo ni umbali kati ya kipaji na karakana yenye kishikizo sahihi.

Njia isiyo na gharama kubwa

Wapo wanaosema kijana aanze na pedali bapa, na hoja yao haipaswi kupuuzwa. Tafiti kadhaa zimeonesha kwamba katika mwendo wa kawaida, kunasa kiatu hakuokoi nguvu nyingi kama inavyodhaniwa. Faida yake huonekana zaidi katika mbio fupi za kasi na katika kuuweka mguu mahali pamoja kwa saa nyingi. Kwa hiyo anayeanza hana sababu ya kukata tamaa kwa kukosa viatu maalumu.

Anapofikia kushindana, dawa ni mpangilio. Klabu ikichagua mfumo mmoja wa pedali kwa wapandaji wake wote, vishikizo huazimana, viatu vilivyobana hurithiwa na wadogo, na fundi hujifunza kipimo kimoja vizuri badala ya vitano nusunusu. Kwa wanaoanza, mfumo wa matundu mawili una faida iliyo wazi, kwa kuwa chuma hudumu na mtu hutembea nacho. Wafadhili nao wakumbushwe kwamba msaada kamili ni kiatu, kishikizo, pedali na skrubu zake kwa pamoja. Kiatu kikija peke yake huishia kuwa pambo la ukutani.

Mashirikisho ya michezo hupenda kuhesabu baiskeli zilizogawiwa. Hesabu yenye manufaa zaidi kwa Rusizi ingekuwa idadi ya vijana wanaoweza kufika mstari wa kuanzia wakiwa na viatu vinavyonasa pale vinapotakiwa kunasa na kuachia pale vinapotakiwa kuachia. Tour du Rwanda itakaporudi kupita Nyungwe, hapo ndipo itakapojulikana kama urithi wa Kigali 2025 ulivuka msitu au uliishia mjini.