Kukunja si Kuvunja

Mnamjua Matthew Pinsent? Ni Mwingereza aliyenyakua dhahabu nne za Olimpiki kwa kupiga makasia: 1992, 1996, 2000 na 2004. Alipostaafu akawa mtangazaji wa michezo wa BBC. Mwaka wa 2005, Beijing ikijiandaa kwa Olimpiki za 2008, alitembelea shule moja ya jimnastiki mjini humo. Alisema aliona watoto wakilia kwa maumivu mazoezini, na mmoja alionekana kuwa amepigwa na kocha.

Angeweza kusifu viwanja vipya tu, akarudi kwao. Lakini alisema wazi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ya mtangazaji. Mtu wa dhahabu nne hawezi kuambiwa eti haelewi mazoezi makali!

Wengine watasema samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini kukunja si kuvunja. Hapa Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mwanafunzi kuchapwa. Je, uwanjani si shuleni? Walimu wetu wa michezo, tukimbizeni mpaka tuchoke, lakini kiboko hapana. Medali ya machozi ya mtoto ina faida gani?