Kioo Kikiwa Cheusi, Msikimbilie Kufomati

Mhariri, nipe nafasi katika jarida letu nitoe dukuduku ambalo limenikaa moyoni tangu mwaka jana. Wenzangu wa chama mmezoea kunisoma katika ukurasa wa mashairi. Leo sina shairi. Leo nazungumza juu ya kompyuta, na hasa juu ya neno moja ambalo mafundi wetu wa hapa Nakuru hulitamka kama mganga wa njiani anavyotamka dawa yake ya kila ugonjwa: fomati.

Kompyuta ikikohoa, fomati. Ikichelewa kuwaka, fomati. Kioo kikiwa cheusi, fomati tu! Maoni yangu ni kwamba picha ikipotea kwenye skrini, kufomati ni jambo la mwisho kufanya, wala si la kwanza, na sisi tunaosoma somo la Kompyuta ndio tunaopaswa kulisema hilo kwa sauti. Mimi ni wa kidato cha tatu tu na sina kisomo kikubwa, lakini haya ninayoyasema yametugharimu nyumbani.

Kaka yangu mkubwa hupiga na kuhariri video za harusi, ruracio na mazishi. Kazi hiyo alifunzwa kwa programu iitwayo Final Cut Pro, nayo haikubali kukaa katika kompyuta yoyote ila Mac, yaani kompyuta za Apple. Bei ya Mac mpya ni ya kumfanya mtu auze ng'ombe, na sisi hatuna ng'ombe, tuna kuku wanne. Basi kaka akafanya kama wafanyavyo wengine ulimwenguni, akaunda yake. Sanduku na bodi kuu, ile mafundi huiita mazabodi, alivinunua katika duka la vyombo vilivyotumika Ulaya, nyuma ya Barabara ya Kenyatta. Prosesa ni Intel Core i5-3470, ya tangu mwaka 2012. Kadi ya picha ni NVIDIA GT 710 yenye GB 2. Kisha akaweka OpenCore, programu ya bure ambayo huiamsha mashine na kuuambia mfumo wa Apple, "Karibu, uko kwenu," ilhali hauko kwao. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu mwaka 2006 Apple walianza kuuza Mac zenye prosesa za Intel, zilezile zinazotiwa katika kompyuta za kawaida.

Sasa hapa ndipo penye mambo. Kadi ya picha haifanyi kazi peke yake, yahitaji programu ndogo ya kuiendesha. Mafundi huiita draiva. Mimi nimeamua kuiita dereva na mlezi wa chama hajanikataza. Kadi isiyo na dereva ni kama matatu ya Free Area iliyoegeshwa stejini: ina viti, ina tairi, hata muziki unalia, lakini hamfiki. Ukiwa na kompyuta ya kawaida, kampuni iliyotengeneza kadi hukuandikia dereva. Lakini mfumo wa Apple huja na madereva wake wenyewe, na ni wa zile kadi ambazo Apple wamezikubali tu. Kadi yako isipokuwamo, huna wa kumlilia.

Likizo ya Aprili mwaka jana tuliitoa mashine nje tuipulize vumbi. Wanasema jina la Nakuru latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na mwenye shaka aje afungue kompyuta yoyote mtaani kwetu. Tukaisafisha, tukairudisha mezani, tukachomeka nyaya, tukawasha. Lile tunda likatokea, mstari ukaanza kujaa, ukafika katikati, kisha giza. Feni yazunguka, taa yawaka, kioo cheusi tititi.

Kaka akamwita fundi. Ndani ya diski mlikuwa na harusi ya watu wa Njoro, na kaka hakuwa na nakala kwingine (hilo kosa ni lake, nimeshamwambia mara mia). Fundi hakuuliza tulikuwa tumegusa nini. Alitazama kioo, akatikisa kichwa, akasema mfumo umekufa, lazima kufomati. Kaka akamwuliza, "Na faili zangu?" Akajibiwa, "Hizo zitarudi, buda, usijali." Nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Nilitaka kusema, tungoje kwanza. Lakini msichana wa kidato cha pili atamwambia nini fundi mwenye mkoba wa bisibisi?

Akafomati, akaweka Windows, na lo, picha ikatokea! Akachukua shilingi 1,500 zake akaenda. Faili hazikurudi. Vilivyofufuliwa baadaye ni vipande vya sekunde mbili tatu, bibi harusi ameinua mguu kuingia garini, basi, imekatika. Harusi haipigwi mara mbili. Kaka alirudisha pesa zote za watu, na katika pesa hizo ndimo mlimokuwa na zangu za chakula cha mchana. Muhula wa pili nilitumwa nyumbani, nikakaa wiki mbili.

Katika wiki hizo mbili kaka alijaribu kuurudisha mfumo wa Apple. Tunda likatokea, mstari ukafika katikati, giza. Palepale! Mimi sikuwa na kazi, nikachungulia nyuma ya sanduku kwa tochi ya simu. Kuna matundu mawili ya waya wa skrini, moja la bodi kuu na jingine la kadi. Waya wetu ulikuwa katika tundu la bodi. Siku ya kupuliza vumbi tuliuchomeka pasipo pake. Nikauhamisha kwenye kadi, nikawasha upya, picha ikaja. Ilinichukua sekunde kumi. Nililia, na si kwa furaha.

Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye. Ndani ya i5-3470 mna sehemu ndogo ya picha iitwayo HD 2500, na Apple hawakuitengenezea dereva wa kuleta picha kwenye skrini. Ndugu yake wa mwaka uleule, i7-3770, ana HD 4000, na huyo dereva alikuwa naye. Lile tunda la mwanzo huchorwa bila dereva yeyote, kwa nguvu za bodi yenyewe. Mstari ukifika katikati, mfumo humwita dereva ashike usukani, na kama hayupo, giza. Windows ina dereva wa HD 2500, ndiyo maana picha ilitokea fundi alipomaliza. Alidhani ameponya, kumbe alikuwa amebadilisha mgonjwa!

Kwa hivyo, mwenzangu msomaji, kabla hujafuta chochote tazama giza linaingia saa ngapi. Kama hujaona alama yoyote tangu kuwasha, mara nyingi shida ni ya waya, skrini, kadi iliyolegea au kumbukumbu isiyokaa vizuri. Kama umeona alama halafu giza, mshuku dereva. Katika OpenCore unaweza kuongeza amri fupi, -v, na badala ya tunda utaona maandishi yakiteremka kama mvua ya Molo. Huelewi yote, hata mimi sielewi, lakini mstari wa mwisho kabla ya kukwama unaweza kuupiga picha na kuutafutia maana.

Aidha, angalieni kadi mnazouziwa. Kaka nusura anunue GT 730 kwa sababu namba ni kubwa kuliko 710. GT 730 ziko za namna mbili zenye jina moja. Nyingine zina chipu ya ukoo wa Kepler, nyingine ya ukoo wa Fermi ulio mzee zaidi, na wazee hao Apple waliwaacha nyuma mapema. Sandukuni zimeandikwa sawasawa. Muuzaji hakudanganyi, pengine yeye mwenyewe hajui.

Mwezi wa Januari mwaka huu mambo yakarudi kwa sura nyingine. Kaka aliona ujumbe wa kumwambia ahamie mfumo wa Monterey, akabonyeza. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mashine ikawaka, picha ipo, lakini inatembea kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Madirisha yanaburuzika na Final Cut imegoma. Nikafungua ukurasa unaoeleza mashine, nikakuta kadi yetu yahesabiwa kuwa na MB 7, badala ya GB 2. Hapo nilijua picha inachorwa bila dereva. Kadi yetu ni ya ukoo wa Kepler, na madereva wa ukoo huo walikuwemo hadi Big Sur ya mwaka 2020. Monterey ya 2021 iliwaondoa. Kadi haikuwa imeharibika hata kidogo, ila dereva wake alikuwa amestaafishwa.

Kaka alishaanza kumtafuta fundi kwenye simu. Nikamwambia, "Kaka, ngoja. Kioo kinaonekana, tunakili kwanza." Tulikesha tukinakili kila kitu kwenye diski ya nje, polepole kwa sababu kila dirisha lilichukua nusu dakika kufunguka. Kisha tukaenda saiba kuteremsha Big Sur, GB 12 hivi, tukatenga sehemu mpya katika diski na kuiweka humo. Jumapili mchana ilikuwa inakwenda sawa. Hakuna faili iliyopotea, na wateja hawakujua lolote.

Najua kuna mwenzangu atakayeuliza, kwani hiyo Mac ya kuundwa ni halali? Swali la haki. Kati ya 1995 na 1997 Apple wenyewe waliziruhusu kampuni nyingine, mojawapo Power Computing, kuuza mashine za namna hiyo, kisha Steve Jobs aliporudi akazifungia mlango. Mwaka 2008 kampuni ya Psystar ya Florida ilianza kuziuza bila ruhusa, na mwaka 2009 mahakama ikawapa Apple ushindi. Mkataba wa mfumo huo wasema ukae katika mashine za Apple pekee. Kwa hivyo sitasema kaka alifanya sawa, na sitamwita mwizi pia, maana chakula nilacho chatoka humo. Nilichomwambia ni kwamba njia hiyo inafungwa. Tangu Novemba 2020 Apple wanauza Mac zenye prosesa zao wenyewe, na Juni 2025 walitangaza kwamba mfumo wa Tahoe ndio wa mwisho kwa Mac za Intel. Ajifunze DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure na haibagui kompyuta. Ameanza, ingawa analalamika kila jioni.

Sasa turudi shuleni. Darasani tunaweza kueleza maana ya dereva wa kompyuta na kupata alama mbili zetu. Lakini mpaka muhula uliopita hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefungua sanduku la kompyuta ya shule. Katika maabara kulikuwa na mashine tatu zenye karatasi iliyoandikwa MBOVU, na nilizikuta hivyo tangu kidato cha kwanza. Nilimwomba mwalimu aturuhusu tuziangalie kabla hazijafomatiwa wala kutupwa. Akasita, akasema tukiharibu tutalipa, kisha akatupa ufunguo.

Ya kwanza tulibadilisha waya wa skrini, ikawaka. Ndani mlikuwa na kazi za mradi za wanafunzi waliokwisha kumaliza shule. Ya pili inaonyesha alama kisha giza. Tutaifungua Alhamisi baada ya michezo, na anayetaka kuja aje na tochi.